Entebbe haikuwekwa rehani, ila mapato yake yalifungwa

Mwezi wa Novemba 2021 gazeti la Daily Monitor la Kampala liliandika kwamba Uganda ilikuwa hatarini kuupoteza uwanja wake mkuu wa ndege kwa sababu ya mkopo wa China. Habari ile ilivuka mipaka kwa siku chache tu, na kila ilikopita iliongezwa chumvi, hata wengine wakaapa kwamba uwanja umekwisha chukuliwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ilikanusha, na ubalozi wa China nao ukakanusha. Miezi michache baadaye mkataba wenyewe ulipatikana, ukasomwa, na haikuonekana humo haki ya mkopeshaji kuutwaa uwanja deni likishindikana. Tangu hapo, anayethubutu kuuliza habari za mkopo ule hujibiwa kwamba hayo ni maneno ya mitandaoni na yalikwisha malizwa. Lililomalizwa, kwa maoni yangu, ni swali dogo, na kubwa limebaki pale pale.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 17 Novemba 2015 kati ya serikali ya Uganda na Benki ya Exim ya China. Kiasi kilikuwa takriban dola milioni 200 kwa riba ya asilimia 2, muda wa miaka 20, na miaka 7 ya mwanzo ikiwa ya neema, yaani kabla deni lenyewe halijaanza kulipwa. Kazi ilipewa kampuni ya Kichina ya CCCC, na ilihusu kupanua jengo la abiria, kujenga kituo kipya cha mizigo, kuweka matangi ya mafuta na kukarabati njia za kurukia ndege.

Wanaoutetea mkopo huu wana hoja, na haifai kuzipita kwa dharau. Uwanja wa Entebbe tunaoujua ulianza kupata sura yake mwaka 1951, njia ya kurukia iliporefushwa ili ipokee ndege za jeti za wakati ule, na miezi michache baadaye, Februari 1952, Elizabeth alipita hapo akirudi London kutoka Kenya, akiwa amekwisha kuwa malkia bila kutarajia. Usiku wa Julai 1976, makomando wa Israeli waliposhuka kuwaokoa mateka wa ndege ya Ufaransa, uliifanya Entebbe ijulikane duniani kote, lakini haukuiletea abiria. Mwaka uliofuata Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likavunjika, na vita na vurugu vikafanya yaliyobaki. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilipoundwa mwaka 1991, abiria wa kimataifa waliopita Entebbe kwa mwaka mzima walikuwa takriban 118,000. Mwaka 2024 walizidi milioni 2. Jengo lilitengenezwa upya kidogo kwa ajili ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007, lakini hakuna kupaka rangi kunakoweza kuliwezesha jengo la zamani kuwabeba watu walioongezeka zaidi ya mara 16. Fedha zilihitajika, na aliyekuwa tayari kuzitoa kwa riba ya asilimia 2 hakuwa mwingine. Nchi inayokwenda kwenye masoko ya hati fungani za kimataifa hulipa riba mara tatu au nne ya hiyo.

Tena kuna hesabu ambayo wapiga kelele wengi hawakuifanya. Tukichukulia kwamba deni la dola milioni 200 linalipwa kwa mafungu yaliyo sawa katika miaka 13 inayobaki baada ya neema, kila mwaka ni dola milioni 15 na ushei, na riba katika mwaka wa kwanza haizidi dola milioni 4. Kwa hiyo mwaka mzito kabisa ni dola milioni 19 au 20. Ukizigawa kwa abiria milioni 2, kila abiria anabeba chini ya dola 10. Si mzigo wa kuuvunja mgongo uwanja ambao unatoza ada ya abiria ndani ya kila tiketi, ada ya kutua, ada ya kuegesha, ada ya kuziongoza hata ndege zinazopita juu tu bila kutua, kodi za maduka na ushuru wa mizigo, na nyingi kati ya hizo kwa dola. Katika siku za kawaida, Entebbe inaweza kulilipa deni lake.

Basi tatizo si ukubwa wa deni. Tatizo ni nafasi yake kwenye foleni.

Februari 2022 watafiti wa AidData, walioko katika chuo kikuu cha William & Mary huko Virginia, Marekani, waliuweka hadharani mkataba pamoja na uchambuzi wao. Walisema waziwazi kwamba uwanja wenyewe haukuwa dhamana, na watetezi wa serikali walikidaka kifungu hicho kwa mikono miwili. Uchambuzi ule ule, kurasa zile zile, ulieleza pia kwamba mapato ya uwanja yanatakiwa kulipa mkopo huu kwanza, kabla ya mambo mengine, kwa miaka 20, na kwamba kuna akaunti maalumu ya kuhifadhia fedha ambayo mkopeshaji anaweza kuigeukia deni likikwama. Mgogoro ukitokea, usuluhishi unafanyika Beijing kwa sheria za China, na Uganda imekwisha iacha kinga yake ya kutoshtakiwa kama nchi huru. Wabunge walilalamikia pia masharti yanayotaka bajeti na mipango ya mamlaka yetu ipate baraka za mkopeshaji. Oktoba 2021, yaani mwezi mmoja kabla ya kelele za gazeti, Waziri wa Fedha Matia Kasaija alikuwa amesimama mbele ya kamati ya Bunge akaomba radhi kwamba baadhi ya vifungu havikupaswa kukubaliwa. Huwa nawakumbusha hilo wanaodai kwamba suala zima ni uzushi: mtu haombi radhi kwa uzushi wa wengine.

Tuchukue mfano wa shamba la migomba. Mwenye shamba amekopa, na mkopeshaji anamwambia kwamba hati ya ardhi abaki nayo, wala hakuna atakayekuja kung'oa mgomba wake hata mmoja. Ila kila mkungu utakaokatwa unakwenda kwanza kwenye ghala ambalo ufunguo wake wana wawili, mpaka fungu la mwaka litimie, na jembe jipya likitakiwa kununuliwa, mkopeshaji aulizwe. Jirani akipita akisema shamba limeuzwa, amekosea. Mwenye shamba akijibu kwamba shamba ni lake kabisa, hati hii hapa sandukuni, amesema kweli ambayo haijazi sufuria. Uwanja wa ndege ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Lami ya mita 3,658 iliyolala pembeni mwa Ziwa Victoria haina thamani kwa benki yoyote ya Beijing. Haibebeki wala haihamishiki, na siku ndege zitakapoacha kutua itakuwa mahali pa kuanikia dagaa. Chenye thamani ni fedha inayopita juu yake. Mkopeshaji mwenye akili haombi lami, na huyu hakuiomba.

Fedha hiyo ina sura. Atakayefika Entebbe usiku wa manane atalikuta gari limesimamishwa kizuizini na abiria wameteremshwa wakaguliwe kwa miguu, kisha wapande tena upande wa pili, na katika foleni ile mara nyingi atawaona wasichana kumi au kumi na watano waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani, wanaongozwa na wakala. Hao wanakwenda kyeyo, kama tunavyoita huku kwetu kazi za vibarua ng'ambo, neno ambalo kwa Kiganda ni ufagio. Wanakwenda kufagia Riyadh na Dubai. Mzee aliyewasindikiza anabaki nje ya kizuizi kwa sababu hana tiketi, akipungia mkono kioo cha gari ambacho hakimwonyeshi kitu. Katika kila tiketi mle bahashani imo ada ya uwanja, kwa dola, iliyolipwa na ng'ombe wa familia au na mkopo mwingine wa kienyeji wenye riba ambayo Benki ya Exim ingeionea aibu. Wao ndio walipaji wa deni hili, pamoja na mfanyabiashara na mtalii, na sijui kama yupo aliyewahi kuwaambia.

Nafasi ya foleni haimwumizi mtu chakula kikiwa kingi. Inauma kikipungua, na tuliwahi kuona kikipungua. Machi 2020 Entebbe ilifungwa kwa abiria kwa ajili ya korona, isipokuwa ndege za mizigo na safari chache za dharura, na haikufunguliwa mpaka tarehe 1 Oktoba. Zaidi ya miezi sita uwanja ulikaa karibu bila abiria, nao ndio mzizi wa mapato yake. Taa za njia ya kurukia hazikuzimwa. Waongozaji wa ndege waliendelea kukaa mnarani, zimamoto waliendelea kukesha, na kampuni zinazokodi maduka zilianza kuomba kusamehewa kodi. Kwa bahati, miaka ya neema ilikuwa haijaisha. Tuseme balaa kama lile linakuja wakati mafungu yenyewe yanalipwa, tuseme ni ugonjwa, au vita Mashariki ya Kati vinavyozifunga njia za ndege za Ghuba, au majivu ya volkano tu. Abiria wakipungua nusu, zile dola 10 za kila kichwa zinakuwa 20, na kwa utaratibu wa mkataba zinatoka kwanza. Kinachobaki ndicho cha kulipia taa, zimamoto na mishahara. Meneja wa uwanja atakayejikuta hapo hatakuwa na uhuru ambao meneja yeyote wa biashara huutegemea wakati wa shida, ule wa kumwambia mdai asubiri kidogo ili duka lisifungwe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga; huyu ataambiwa alipe kabla hata ya kuchimba kaburi.

Na si Entebbe peke yake. Mamlaka inaendesha pia viwanja vya mikoani, kama Arua, Gulu, Soroti na Kasese, ambavyo haviwezi kujilisha. Fedha ya kufyekea majani na kuweka ua ili mbuzi wasiingie njiani hutoka kwenye pato lile lile la Entebbe. Sisi wa kaskazini, ambao barabara ya kwenda Kampala ni ya kutwa nzima, tunajua kwamba bajeti ikikazwa, kiwanja cha kwanza kusahauliwa ni cha mbali.

Hujibiwa kwamba wakopeshaji wote hujilinda, na kwamba anayenung'unikia Beijing tu ana lake jambo. Nusu ya hoja hii naikubali. Katika kelele za 2021 ilikuwamo chuki ya wazi dhidi ya Wachina, na waliosema kwamba tumetawaliwa upya waliwasaidia wale waliotaka mjadala ufe mapema. Uwanja wa Kabaale kule Hoima, uliojengwa kwa ajili ya mafuta, nao ni wa mkopo uliodhaminiwa na Uingereza, na Waingereza nao hawakuja kutoa sadaka. Akaunti ya kuhifadhia fedha si uvumbuzi wa Kichina pia. Lakini jirani kutembea pekupeku si sababu ya mtu kuvua viatu vyake, na waziri aliyeomba radhi hakusema kwamba vifungu vile ni vya kawaida.

Linalonisumbua kuliko riba na foleni ni njia iliyotufikisha kwenye maarifa haya. Katiba yetu inataka Bunge liidhinishe kila mkopo wa serikali. Hata hivyo, raia wa Uganda aliyetaka kusoma masharti ya uwanja pekee ambao nchi yake ilikuwa nao wa kupokea ndege kubwa za kimataifa alilazimika kusubiri zaidi ya miaka sita, kisha akayasomea kwenye tovuti ya chuo cha Marekani. Uvumi wa kwamba Entebbe imeuzwa haukuzaliwa na ujinga wa watu. Ulizaliwa na kabati lililofungwa. Mtu akifichwa barua inayomhusu, atakisia yaliyomo, na atakisia mabaya. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa fedha za benki hiyo hiyo, ilianza kutoza ushuru Januari 2022, na madereva waliosimama dirishani siku ya kwanza kulipa shilingi 5,000 walikuwa na maswali yale yale.

Mkopo wa uwanja unaendelea mpaka 2035. Kuufuta hakuwezekani, na kuujadili upya kunahitaji wawili. Lakini, kwa maoni yangu, hakuna kifungu cha benki kinachopaswa kumzuia Waziri wa Fedha kupeleka bungeni, kila Juni pamoja na bajeti, ukurasa mmoja unaoonyesha ni kiasi gani kiliingia kwenye akaunti ile, kiasi gani kilikwenda China, na kiasi gani kilibaki kwa ajili ya taa za Entebbe na ua wa Arua.