Leseni Bila Bahari: Maeneo ya Asili ya Uvuvi Mombasa ni ya Nani?

Mvuvi wa Mombasa anayekwenda baharini kwa mtumbwi au ngalawa anatambuliwa na serikali kwa leseni yenye jina lake, kwa usajili wa chombo chake, na kwa uanachama wake katika kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, chenye mamlaka juu ya diko analoshushia samaki. Katika karatasi zote hizo hamna panapotajwa mwamba anaouvua. Kwa maoni yangu, upungufu huo ndio mzizi wa mvutano wa miaka mingi juu ya maeneo ya asili ya uvuvi katika pwani hii, kwani eneo linaweza kufungwa, kuchimbwa au kujengwa gati bila kuonekana popote kwamba kuna mtu aliyenyang'anywa haki yake.

Wako wanaodhani kwamba bahari ni pana, na kwamba mvuvi akizuiwa hapa atakwenda kuvua pale. Sivyo. Kuanzia Nyali hadi Bamburi ufuo umekingwa na mwamba, na ndani ya mwamba huo ndimo wavuvi wa mishipi na malema, yaani mitego ya kusukwa, wanamopata tafi, changu na pono. Kusi linapovuma, takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, chombo kisicho na injini hakiwezi kutoka nje ya mwamba ila kwa kuhatarisha maisha. Kwa hiyo anayefungiwa maji ya ndani huwa amefungiwa karibu nusu ya mwaka mzima, hata kama leseni yake bado inamruhusu kuvua. Hasara hiyo haiishii kwa mvuvi. Mama karanga, wanaonunua samaki wadogo dikoni na kuwakaanga kwa ajili ya mitaa ya watu wa kipato cha chini, nao hukosa bidhaa.

Ndivyo ilivyotokea baada ya mwaka 1986, serikali ilipotangaza Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Mombasa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 10, ambamo uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku, na kuizungushia hifadhi ya kilomita za mraba 200 inayoruhusu uvuvi wa zana za jadi. Marufuku ilipoanza kutekelezwa kikamilifu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi wa eneo hilo walipoteza zaidi ya nusu ya mahali walipokuwa wakivua, na wengi wao wakaondoka.

Hata hivyo, wanaoitetea mbuga wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba samaki waliongezeka ndani ya mbuga, na kwamba wavuvi waliobaki pembezoni mwake walipata, kila mmoja, zaidi ya maradufu ya walichokuwa wakipata awali. Yeyote aliyeona juya, yaani wavu mrefu wa kukokota, likivutwa juu ya matumbawe, likizoa samaki wachanga pamoja na mazalia yao, anaelewa kwa nini zana hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001. Isitoshe, joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya ukanda huu, na mwamba uliodhoofika hauhimili mzigo uleule wa wavuvi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba jumla ya samaki walioshushwa ilipungua kwa karibu thuluthi moja. Faida na hasara hazikuangukia watu walewale: aliyebaki alinufaika, na aliyeondoka hakuhesabiwa.

Hoja ya pili dhidi ya haki ya wenyeji inanisumbua zaidi. Nani hasa ni mwenyeji? Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wameishi na kuvua katika kisiwa hiki na pwani zake kwa karne nyingi. Lakini Wadigo wa kusini nao huvua, Wapemba wamekuwa wakija kwa msimu na kupiga dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, tangu enzi za mababu, na leo madikoni wamo vijana waliozaliwa na wazazi kutoka bara. Haki ikifungwa katika ukoo, huenda tukamwondolea maskini mmoja dhuluma kwa kumdhulumu mwingine.

Sheria yenyewe haijalitatua jambo hili. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaiweka bahari ya nchi, pamoja na ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa, katika mali ya umma; ulinzi wa ardhi ya jamii, ulio katika Ibara ya 63, haulitaji eneo la kuvulia samaki. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataja waziwazi maji na bahari za pwani, lakini Kenya haikuliunga mkono wala kulipinga. Mahakama ilikwenda mbali kidogo katika kesi ya bandari ya Lamu: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wavuvi wapatao 4,600 zilikiukwa, na ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini bandari iliendelea kujengwa, gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, na mlango wa bahari uliochimbwa hauwezi kurudishwa kwa fedha.

Ndiyo maana Mombasa haifai kungoja fidia. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu na gati zake linaingia katika maji ya Port Reitz, yanayotegemewa na wavuvi wa madiko kama Mkupe na Mtongwe. Kanuni za BMU za mwaka 2007 tayari ziliruhusu eneo la bahari kutengwa kwa usimamizi wa pamoja kati ya wavuvi na serikali, na huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga hekta 30 mwaka 2005, wakakubali kutozivua, na samaki wakarudi. Mfano huo unanishawishi kwamba mvuvi hapingi kufungwa kwa eneo. Anachopinga ni kufungiwa na mtu asiyejua bahari yake.

Kila diko, basi, liandikiwe maeneo yake kwa majina ambayo wavuvi wanayatumia, pamoja na msimu na zana za kila eneo, na mradi wowote wa bandari au hifadhi ulazimike kujibu orodha hiyo kabla ya kupewa kibali. Kuhusu wa kuandikwa, kigezo ninachokiona cha haki ni matumizi wala si nasaba: aandikwe aliyevua pale misimu ya kusi kadhaa kwa zana halali na anayejulikana na wenzake, awe Mswahili wa Mji wa Kale, Mdigo wa Likoni au mtoto wa mhamiaji, na wavuvi wa dago wapokewe kwa makubaliano na wenye diko. Kijana ambaye bado hajapata chombo, na anayevua kwa kusaidia katika mtumbwi wa mwingine, naye ahesabiwe, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukosa kazi eneo likifungwa.