Wafalme Stars wanacheza mechi chache mno

Kila Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake, wanapotua katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wakiwa na kombe mkononi, swali moja huzuka tena katika vibanda vya chai na ndani ya matatu za Nairobi: je, wanaume wetu wako wapi? Swali lenyewe ni halali. Kinachonikera ni majibu yanayolifuata, kwamba wachezaji wetu wa kiume ni wafupi, au ni wavivu, au hawana moyo wa kuipigania bendera. Mimi nimeufuatilia mchezo wa voliboli katika jiji hili kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba timu ya taifa ya wanaume, Wafalme Stars, haijawahi kupewa mechi za kutosha za kumwezesha mtu yeyote kuihukumu kwa haki.

Kumbukumbu zake, nakiri, hazipendezi. Wafalme Stars hawajawahi kucheza katika Michezo ya Olimpiki, na taji la Afrika hawajaligusa. Hata hivyo, ni vyema mtu akumbuke jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Tangu mashindano ya Afrika ya wanaume yaanzishwe mwaka 1967 hadi yale ya mwaka 2023 jijini Cairo, ni mataifa manne tu yaliyowahi kutawazwa mabingwa: Tunisia mara 11, Misri mara 9, Aljeria mara 2 na Kameruni mara 2. Kusini mwa Sahara, basi, ni Kameruni pekee iliyofaulu kuupenya ukuta wa Waarabu, mwaka 1989 na tena 2001. Anayesema kwamba Kenya imeanguka anasahau kwamba hakuna kilele tulichowahi kukifikia.

Pengo kati yetu na Misri huonekana kwanza kabisa katika sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo. Wachezaji wa Cairo huurusha mpira juu, wakakimbia hatua tatu au nne, wakaruka na kuuchapa kutoka nyuma ya mstari kwa nguvu ile ile ambayo mshambuliaji huitumia wavuni. Mpokeaji asiyezoea kasi hiyo huupokea kwa mikono iliyochelewa, mpira ukaruka mbali na wavu, na seta, yaani mchezaji anayewaandalia washambuliaji mipira, akalazimika kuukimbilia hadi karibu na benchi. Akiufikia, hana chaguo ila kuuinua juu, polepole, kuelekea pembeni, ambako wazuiaji wawili wa Misri wamekwisha kufika na kunyoosha mikono juu ya wavu wa mita 2.43. Mtazamaji huona mshambuliaji wetu akizuiwa na kusema kwamba hana nguvu, ilhali kosa lilianzia sekunde tatu nyuma, katika mapokezi. Ujuzi wa kupokea sevu ya aina hiyo haupatikani kwa kuhimizwa na kocha wakati wa mapumziko mafupi. Hupatikana kwa kuipokea mara mia mbili, mara elfu moja, kutoka kwa watu wanaoipiga hivyo kila wiki. Katika ligi yetu wanaoipiga hivyo ni wachache.

Simaanishi kwamba ligi yetu ni dhaifu kupita kiasi. Mechi kati ya GSU, timu ya kikosi cha polisi, na Kenya Prisons, timu ya magereza, au ya KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, dhidi ya Equity Bank, inapofika seti ya tano ya pointi 15, ukumbi huwa moto, na vipaji havikosekani. Shule kama Malava ya Kakamega, Namwela ya Bungoma na Cheptil ya Nandi zimekuza vijana warefu wenye mruko wa ajabu. Lakini baada ya shule, kijana huyo huajiriwa katika kikosi cha usalama au shirika, akakutana na wapinzani wale wale kila msimu, hata akazijua tabia zao zote. Anajua fulani hupenda kupiga mpira wa mlalo, na fulani huugusa taratibu nyuma ya wazuiaji. Ujuzi huo haumsaidii chochote anapokutana na Mtunisia asiyemjua.

Jumamosi moja, baada ya mechi, nilikaa kwenye ngazi za ukumbi na mchezaji aliyekuwa amekwenda na timu ya taifa Kigali kwa mashindano ya Afrika mwaka 2021. Alikuwa akibandua utepe kwenye vidole vyake, kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayemenya yai. Nilimuuliza tangu safari ile amecheza mechi ngapi za kimataifa. Hakunijibu kwa nambari. Alisema tu kwamba pasipoti yake ina kurasa nyingi safi, na kwamba mke wake humtania kuwa ameinunua kwa ajili ya mapambo.

Sasa walinganishe na dada zao. Malkia Strikers walitwaa taji lao la kwanza la Afrika mwaka 1991, na tangu hapo wamealikwa mara nyingi, kwa kuwa bingwa wa bara hufunguliwa milango ya mashindano makubwa ya dunia. Katika Olimpiki ya Tokyo walishindwa mechi zote tano bila kupata seti hata moja, na wapo waliowacheka. Mwaka 2023, huko Yaoundé, walilirudisha taji la Afrika, la kumi katika historia yao. Kushindwa vibaya na Brazil na Serbia kulikuwa shule ambayo wanaume hawajawahi hata kusajiliwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka timu ya wanaume isipelekwe nje hadi iwe tayari. Sijui itakuwaje tayari ikiwa imeketi Nairobi.

Mfumo wa sasa wa orodha ya ubora duniani nao hauwahurumii wanaokaa nyumbani, kwa sababu pointi huhesabiwa mechi baada ya mechi, kwa kuzingatia matokeo na nafasi ya mpinzani. Wakati huo huo, Mashindano ya Ubingwa wa Dunia ya wanaume yamepanuliwa kutoka timu 24 mwaka 2022 hadi 32 mwaka 2025, na sasa yatachezwa kila baada ya miaka miwili. Huko Ufilipino mwaka 2025 Afrika ilikuwa na timu nne: Misri, Aljeria, Tunisia, na Libya. Libya! Nchi iliyovurugwa na vita na miaka mingi ya siasa zilizogawanyika ilipata nafasi, kwa kumaliza ya tatu barani.

Mashindano yajayo yataandaliwa Poland mwaka 2027. Singedai medali. Ningedai kambi ya kudumu Kasarani, kikosi cha vijana kinachofanya mazoezi pamoja na wakubwa wao, na angalau mechi kumi za kirafiki kwa mwaka, nusu yake dhidi ya timu za kaskazini. Cairo ni takriban saa tano kwa ndege kutoka hapa. Majirani zetu Rwanda na Uganda wanafikika kwa basi, na kwa hilo hatuhitaji kusubiri mwaliko wa mtu yeyote.