Umeokoka? Nani amekuokoa?

Shangazi yangu aliniuliza swali moja katika wiki zake za mwisho, na tangu siku hiyo sijaweza kusikiliza mahubiri ya wokovu kama nilivyokuwa nikiyasikiliza zamani. Ilikuwa usiku, hapati usingizi. Akasema, "Mwanangu, unadhani nimefanya ya kutosha?"

Kabla sijajibu akaanza kuhesabu kwa vidole. Watoto wasio wake aliowalea. Wagonjwa aliowauguza. Mifungo, sadaka, mikesha. Mkono wa kulia ukajaa. Halafu akahamia wa kushoto: uongo aliowahi kuusema na ukaleta madhara, hasira aliyoibeba, mdogo wake ambaye hawakuwa wakisemezana kwa miaka. Vidole vya mkono ule vikamwishia, akarudia tena kidole gumba.

Mwanamke huyu alikuwa kanisani tangu utotoni. Yohana 3:16 aliijua kwa moyo. Imekuwaje mtu aisikie Injili maisha yake yote, kisha afike mwisho akiwa anapiga hesabu?

Nadhani kosa ni letu tunaofundisha, na sehemu yake imejificha katika neno tunalolipenda sana: "nimeokoka." Kikombe kikianguka tunasema kimevunjika, na hapo hatujamtaja aliyekivunja. "Nimeokoka" nalo limejengwa vivyo hivyo. Linaeleza hali yangu, na mwokozi anabaki nje ya sentensi. Sisemi neno ni baya. Limo katika Biblia yenyewe. Ila tumelitumia mpaka likawa kama cheo: fulani ameokoka, fulani bado, fulani ameokoka lakini tazama anavyovaa. Paulo alipowaandikia Waefeso, tafsiri yetu ya Muungano inasema hivi: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Mmeokolewa. Ukilisikia neno hilo huna budi kuuliza, na nani?

Lakini hata imani tumeigeuza kuwa kazi. Mtu akiombewa asipone anaambiwa imani yake ni ndogo, kana kwamba imani ni nguvu unayoisukuma mpaka mlango ufunguke. Shangazi aliwahi kuambiwa maneno hayo na mhubiri mmoja, akiwa hajiwezi kitandani. Nilikuwepo. Sijaona ukatili uliovaa vazi la dini kuliko huo.

Katika Kigiriki chake, Injili ya Yohana inatumia kitenzi cha kuamini mara 98, lakini nomino "imani" haimo humo hata mara moja. Yohana haongei juu ya kitu ambacho mtu anacho kingi au kidogo. Anaongea juu ya kumwamini Mtu. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tumebahatika hapa, kwa sababu lugha yetu inatenganisha mambo haya waziwazi: kuamini kwamba Mungu yupo ni jambo moja, kumwamini Mungu ni jambo jingine. La kwanza hata mashetani wanalo, asema Yakobo, tena wanatetemeka. La pili ni kama kumkabidhi mtu amana yako na kuondoka bila kugeuka nyuma. Amana, imani, uaminifu: haya yote yametoka katika shina moja.

Watu wengi wanaokariri mstari wa 16 wa Yohana 3 hawajasimama kwenye ule wa 14, ambapo Yesu anamkumbusha Nikodemo habari ya nyoka wa shaba. Ipo katika Hesabu 21. Waisraeli wameumwa na nyoka jangwani, sumu imo mwilini, na Musa anaambiwa atengeneze nyoka amweke juu ya mti. Aliyeumwa akimtazama, anaishi. Mtu aliyeumwa alichangia nini katika kupona kwake? Macho tu. Na mwenye macho hafifu aliyeona kwa tabu alipona sawa na mwenye macho makali, maana uponyaji haukuwa machoni. Hivyo ndivyo Yesu alivyotaka Nikodemo, mwalimu mkubwa wa sheria, aelewe imani.

Najua swali linalokuja: basi tufanye tupendavyo? Kanisa la Magharibi liligawanyika juu ya jambo hili la imani na matendo wakati wa Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa tamko lake mwaka 1547, na ni tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, ndipo Wakatoliki na Walutheri walipotia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Tofauti zao hazikuisha zote. Hata hivyo mimi naona jibu zuri kuliko yote lipo katika gereza la Filipi, walimofungwa Paulo na mwenzake Sila (Matendo 16). Mlinzi anauliza afanye nini apate kuokoka. Anaambiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Kisha saa ile ile ya usiku anawachukua Paulo na Sila, anawaosha majeraha ya viboko, anawaandalia chakula. Hakuna aliyemwagiza. Mikono ambayo muda mfupi uliopita iliwafunga miguu katika mkatale, ile pingu ya mbao, sasa imeshika maji.

Jambo jingine ambalo mahubiri yetu hulipita haraka ni wakati. Tunasema uzima wa milele kana kwamba ni malipo ya uzeeni yanayosubiri kaburi. Yesu katika Yohana 5:24 anasema amwaminiye "yuna uzima wa milele", tena "amepita kutoka mautini kuingia uzimani". Yuna, si atakuwa nao. Amepita, si atapita. Na alipoueleza uzima huo katika sala yake hakutaja urefu wa miaka: "Na uzima wa milele ndio huu, Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Ni kujuana. Kifo hakiwezi kukata kujuana ambako Mungu mwenyewe amekuanzisha, na hilo ndilo tumaini langu lote.

Usiku ule sikumweleza shangazi haya yote. Nilimsomea Luka 23 tu, yule mhalifu msalabani, ambaye mikono yake haikuweza tena kutenda lolote, wala kurudisha alichoiba, wala kutoa sadaka. "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Na jibu: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huyo hakuwa na cha kuhesabu."

"Hakuwa nacho, shangazi."

Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Vidole vyake vilikuwa vimefunguka juu ya shuka, akalala mpaka asubuhi. Alipoamka jambo la kwanza alilosema ni, "Mpigie mdogo wangu. Mwambie aje."

Alikuja siku ile ile, wakakaa wameshikana mikono mpaka jioni.