Kiro'o haikuanza 2013

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema Kiro'o Games, studio ya gemu za kompyuta ya Kamerun, ilizaliwa 2013. Ofisi ya Yaoundé ndiyo, ilifunguliwa mwaka huo, lakini mwanzilishi wake, Olivier Madiba, alikuwa na wazo la gemu yao ya Aurion tangu 2003. Miaka kumi nzima! Benki gani ingemkopesha kijana anayetaka kutengeneza gemu? Ndiyo maana wakauza hisa kidogokidogo mtandaoni, na 2015 wakachangisha zaidi ya euro 40,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi. Gemu ikatoka Aprili 2016. Niliicheza. Mapigano yake yanachosha vidole, sitaficha, ila pale shujaa wake, mwana wa mfalme Enzo, anapopinduliwa na shemeji yake mwenyewe siku ya kutawazwa, akakimbilia uhamishoni na mkewe Erine... jamani, nilikesha hadi adhana ya alfajiri.