Friji Ikipiga Kelele, Usikimbilie Gesi

Kuna maneno yananiudhi kila nikiyasikia: "Hii gesi imepungua." Mtu kaita fundi kwa sababu friji inanguruma usiku kucha. Fundi hajaivuta hata kutoka ukutani, tayari anataja bei ya kujaza gesi, na barafu ndani inaganda vizuri tu! Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Hapo friji itashindwa kupoza; kelele peke yake haithibitishi hilo. Anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakula pesa yako, na mwezi ujao atarudi kuila tena.

Kelele ina mahali inapotokea, na mara nyingi unaweza kupajua mwenyewe. Friji ikinguruma, iegemee kwa kiganja. Sauti ikibadilika, tazama miguu: huenda haijakaa sawa, na mingi huzungushwa ikapanda au kushuka. Kisha chomoa waya kwenye soketi, uangalie nyuma. Bomba linalogusa bomba jingine au ukuta hutetemeka likapiga kelele. Hata ile trei ya maji iliyo juu ya kompresa (pampu inayozungusha gesi) ikilegea hugongagonga.

Friji zisizogandisha barafu ukutani zina feni ndani ya friza. Sauti ikitoka huko, fungua mlango. Kwenye friji nyingi za aina hii feni husimama mlango ukifunguliwa, kwa hiyo kelele ikikata, bonyeza kwa kidole kile kitufe cha mlango. Ikirudi, umeshampata mkosaji. Mara nyingi barafu imejijenga nyuma ya kava na panga za feni zinaikwaruza. Toa chakula, zima, acha milango wazi mpaka barafu yote iyeyuke, hata ikichukua siku nzima. Tafadhali usichokoe kwa kisu. Visu vimetoboa mabomba ya friji nyingi, na hapo ndipo gesi inapoondoka kweli. Barafu ikijirudia, mfumo wa kuyeyusha una hitilafu: hita, au kifaa kinachoiwasha. Hiyo ndiyo kazi ya kumlipa fundi.

Sauti ya maji kutiririka kompresa ikikata, au plastiki kualika, ni ya kawaida kabisa.

Ninayoiogopa ni hii: tak, mngurumo wa sekunde chache, tak, kimya, baada ya dakika kadhaa inaanza tena. Kompresa inajaribu kuwaka inashindwa, na kila jaribio linaichemsha. Zima mara moja. Huenda umeme ni mdogo, hasa jioni mtaa mzima ukiwa umewasha vitu. Volti zinazotakiwa kwetu ni 230 hivi. Huenda ni relei ya kuwashia, kile kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa. Fundi apime vyote viwili kwa mita, wewe ukiwa umesimama hapo, kabla hajatamka neno kompresa.

Na kama kweli mabomba lazima yafunguliwe, someni pamoja lebo ya nyuma. Ikiandikwa R600a, hiyo ni isobutani, inashika moto. Gesi ikiwa bado imo, asiwashe moto wa kuchomelea, tena ndani ya chumba kilichofungwa.