Droni Ilipotua Kwenye Kamba ya Kanga

Bwana harusi alikuwa mpwa wangu, na droni ilikuwa yake. Leseni ya kuirusha ilikuwa yake, usajili ulikuwa kwa jina lake, na katazo pia lilitoka kwake: "Mjomba, hapa Mji wa Kale wa Mombasa hairuki. Iache sandukuni." Kisha akaenda kwa kinyozi. Tukabaki mimi na sanduku.

Nilikuwa na hoja zangu. Kile kidude kina gramu 249, nami nilishasikia kwamba chini ya gramu 250 huhitaji kusajili. Ni kweli, lakini ni kweli ya Marekani, kwa mtu anayerusha kwa kujifurahisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 hupima hatari ya safari yenyewe: unaruka wapi, karibu na nini, juu ya nani. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye, nikiwa nimeshika mapanga mawili ya droni, yale yazungukayo, yamevunjika.

Nikapanda juu ya nyumba, paa la zege, ghorofa ya tatu, kando ya tangi la maji. Chini, twari zilikwisha anza na bwana harusi alikuwa anatoka. Programu kwenye simu ikaniambia dira inataka kusawazishwa. Nikabonyeza "baadaye". Zege la paa limejaa nondo, na dira ya droni ikikaa karibu na chuma kingi haijui tena kaskazini ni wapi. Ndiyo maana wajuzi huirusha kutoka uwanjani, au kwenye meza ya mbao iliyo mbali na nondo.

Satelaiti zilikuwa tano. Tangi upande huu, ukuta wa jirani upande ule, mbingu niliyoiacha droni iione ilikuwa kama upande wa kanga. Anayejua kazi hungoja satelaiti zivuke kumi, na programu itamke kwamba mahali pa nyumbani, yaani pale droni itakaporudi yenyewe, pamerekodiwa. Yangu haikutamka kitu. Nikaichukulia kuwa ni ya tabia ya ukimya.

Ikaruka. Wallahi, kwa sekunde kumi na moja nilikuwa fundi. Bwana harusi na kanzu yake na joho lake, wapiga twari, watoto wanakimbia mbele, vyote kwenye simu yangu. Mpwa wangu akainua uso. Akaitambua droni yake. Tabasamu halikumtoka, maana mpiga video wa chini alikuwa mbele yake, lakini macho yale nayakumbuka.

Halafu ikaanza kuondoka peke yake. Ikiwa chini, droni hii hujishikilia kwa kamera zake za tumboni zinazosoma sakafu. Ikipanda, hizo hazisaidii tena, hutegemea satelaiti, na satelaiti sikuwa nazo. Ilikuwa mwezi wa nane, kusi linavuma, ikasukumwa polepole kuelekea kaskazini kama dau lililokatika amari. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Nyumbani gani?

Hapo ndipo walipokuja wenye mji. Kunguru wa Mombasa, wale wa shingo ya kijivu, hawapendi kitu kirukacho ambacho hawakijui. Walikuja wawili, kisha saba. Ndege akikushambulia unapanda juu moja kwa moja kwa kasi, kwa kuwa ndege hupiga kutoka juu na kupanda wima humchosha. Mimi niliishusha. Niliwapelekea mgongo.

Kimo kwenye simu kikasoma mita 14, 6, sifuri, kisha kikasoma mita 7 chini ya sifuri. Nikadhani imezama ardhini. La: droni huhesabu sifuri kutoka pale iliporukia, na mimi nilirukia juu ya ghorofa tatu. Picha ya mwisho ilikuwa mdomo wa kunguru, na nyuma yake maua mekundu.

Maua yalikuwa ya kanga. Kanga ilikuwa kambani. Kamba ilikuwa uwani kwa Bibi, nyumba ya nne kutoka kwetu.

"Nani huyo achungulia uwani mwangu?"

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, wa nyumba ya harusi."

"Marahaba. Na dudu hili?"

"Yapiga picha za harusi, Bibi."

"Harusi iko njiani. Mimi niko uwani, kichwa wazi, nasugua miguu. Wanipiga picha ya nini?"

Sikuwa na jibu, na sheria ilikuwa upande wake: kumpiga mtu picha faraghani kwake bila ridhaa yake ni kosa, hata kama droni imeletwa na kunguru.

Mzee mmoja wa barazani, aliyestaafu kazi za uwanja wa ndege, akatuma mtoto akaniite. Alikuwa na ramani, uzi na kalamu ya risasi. Akapima kilomita 10 kwa kipimo cha ramani, akashika ncha moja juu ya uwanja wa ndege wa Moi, akazungusha. Kalamu ikameza Changamwe, ikameza Kilindini, ikameza Likoni kivukoni, ikaja ikapita karibu na ukuta wa Fort Jesus.

"Ndani ya huu mviringo," akasema, "hurushi bila ruhusa ya mamlaka ya anga. Nyumba yenu iko wapi?"

Nikaweka kidole. Kama nusu kilomita ndani.

"Basi mimi ningetoka kidogo tu, niende Nyali..."

"Nyali una watu wa harusi chini yako? Ukiwa chini ya mita 50 kutoka kwa mtu asiye katika kazi yako, umeshatoka kwenye kundi la hatari ndogo. Hapo wataka leseni ya rubani, na kibali cha kazi yenyewe. Mwisho wa kupanda ni futi 400 kutoka ardhini, kama mita 120. Kutoka ardhini, si kutoka tangini. Na mambo ya kambi ya jeshi la majini ya Mtongwe na ya bandari sijakutajia. Kunywa kahawa."

Nilikunywa. Ilikuwa chungu kweli.

Bibi naye alinirudishia droni ikiwa imefungwa ndani ya kanga yenyewe, kama maiti. Panga la droni lilikuwa limepita katikati ya maandishi. Ilikuwa imeandikwa *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Ikabaki *Usisafirie nyota*. Nikatoa pesa ya kanga moja. Akanitazama. Kanga haiuzwi moja, huuzwa doti. Nikazunguka Biashara Street tangu adhuhuri mpaka alasiri, kila duka nikiutamka ule msemo kwa sauti mbele ya wanawake, nao wakinijibu kwa kicheko. Nilipoupata, rangi haikuwa ile. Nilinunua doti mbili, mojawapo ya kununua kimya.

Picha za juu za harusi tulizipata hata hivyo. Shangazi alifunga simu kwenye ufagio wa kutolea utandabui, akauchomoza dirishani.

Mpwa wangu alingoja siku ya tatu, fungate likiendelea, ndipo akapiga simu. Hakuuliza habari za kanga wala za Bibi.

"Mjomba, ulirusha ukiwa na satelaiti ngapi?"

"Tano."

Simu ikakaa kimya muda mrefu. Kisha nikasikia sauti ya bibi harusi nyuma, akiuliza nani amekufa.