Lewis Latimer hakuvumbua glopu. Basi alifanya nini?

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa ukifika Februari, mwezi ambao Wamarekani weusi huadhimisha historia yao. Unakuja na picha ya mwanamume mweusi aliyevaa miwani, na chini yake maandishi: huyu ndiye mvumbuzi halisi wa balbu, Edison alimwibia, shuleni walitudanganya. Haipiti nusu saa anajitokeza mjuaji wa grupu na kujibu kwamba Lewis Latimer alikuwa mchoraji tu. Aliajiriwa, akachora, akalipwa mshahara wake. Mmoja anaitwa kibaraka, mwingine mbumbumbu, mpaka admini anaomba watu warudi kwenye michango ya harusi.

Nitangulize msimamo wangu nisije nikamzungusha mtu. Ujumbe wenyewe una kosa, tena kubwa. Lakini jibu la mjuaji nalo lina kosa, nalo limejificha kwenye kineno kimoja: "tu".

Waliokua kabla ya taa za LED wanazikumbuka glopu za uzi. Ikizimika ghafla, mkubwa mmoja anapanda stuli, anaifungua kwa kitambaa maana bado ina moto, anaitikisa sikioni. Akisikia kitu kinachezacheza ndani, basi, uzi umekatika, mtoto anatumwa dukani. Uzi ule ndio taa yenyewe. Kioo kazi yake ni kuulinda, kitako kazi yake ni kuufikishia umeme. Kitu chembamba kinachokinza umeme hupata joto mpaka kikang'aa, na hilo lilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za Humphry Davy wa Uingereza. Kuwaka hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kudumu. Penye hewa uzi huungua papo hapo, na ili kupata ombwe la kutosha ndani ya kioo, watu walilazimika kuisubiri pampu ya zebaki ya Hermann Sprengel, ya mwaka 1865.

Kwa hiyo Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, alipoingia kwenye kazi hii mwaka 1878 hakukuta pori tupu. Joseph Swan alikuwa akiihangaikia huko Newcastle, Uingereza, kwa miaka mingi, na mapema mwaka 1879 aliwaonyesha watu wa mji wake taa ya mkaa ikiwaka. Oktoba mwaka huohuo, Edison na watu wake wa Menlo Park, New Jersey, wakapata uzi wa pamba uliochomwa ukawa mkaa, ukawaka zaidi ya saa 13. Hataza yake, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, ilitoka tarehe 27 Januari 1880.

Alichowazidi wenzake ni hesabu. Swan alitumia kijiti kinene kinachopitisha umeme mwingi. Ukizitandaza taa za namna hiyo mtaa mzima, nyaya za shaba zitakuwa nene kiasi cha kumfilisi mwekezaji. Edison, kwa msaada wa mwanahisabati Francis Upton, aliona kwamba uzi lazima uwe mwembamba na wenye ukinzani mkubwa, ili mkondo uwe mdogo na shaba ipungue. Aliiwaza taa pamoja na jenereta, nyaya, mita na bili ya mwisho wa mwezi. Hapo jina lake amelistahili, na mimi simnyang'anyi.

Latimer alikuwa wapi wakati huo? Hakuwa Menlo Park. Alizaliwa Chelsea, Massachusetts, tarehe 4 Septemba 1848, kwa wazazi waliotoroka utumwa Virginia miaka sita kabla. Baba yake, George, alikamatwa Boston na aliyejiita mmiliki wake akaja kumdai kama mtu anayedai ng'ombe aliyepotea. Mji ukachafuka. Hatimaye watu walichanga dola 400 wakamnunua ili wamwachie huru, na zaidi ya watu 60,000 walitia saini zao kutaka jimbo lisishiriki tena kuwakamata watoro. Sheria ikapita mwaka 1843. Mwanawe alikulia ndani ya kumbukumbu hiyo. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la majini la upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na vita vilipokwisha akapata kazi ya utarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza, Boston, kwa dola 3 kwa wiki.

Pale ofisini aliwatazama wachoraji. Hakuna aliyemfundisha. Alinunua vifaa vya mtumba, akawa anafanya mazoezi usiku, kisha siku moja akaomba aachiwe achore. Kuna waliocheka. Alimaliza akiwa mkuu wa wachoraji. Mwanzoni mwa 1876, Alexander Graham Bell alipokuwa anakimbizana na muda kuombea simu yake hataza, michoro iliandaliwa na mkono wa Latimer.

Hapa nisimame kidogo kwenye kazi hiyo ya "kuchora tu". Mchoraji wa hataza hapambi ukurasa. Anakaa na mvumbuzi ambaye mara nyingi hajui kueleza alichokifanya, anamhoji, anakifungua kifaa kichwani mwake, kisha anakichora kwa namna ambayo hakimu, mpinzani na fundi wataona kitu kilekile. Sehemu ikiachwa nje ya mchoro, ulinzi wake unaweza kuyumba mahakamani. Latimer alifanya kazi hiyo miaka zaidi ya kumi. Sidhani kama walikuwapo wengi Marekani waliokuwa wamepitia mashine za watu kwa undani namna hiyo.

Mwaka 1880 alikuwa Bridgeport, Connecticut, akichora katika karakana moja, alipoonwa na Hiram Maxim, fundi mkuu wa United States Electric Lighting Company, kampuni iliyokuwa ikishindana na Edison. (Ndiyo, Maxim huyohuyo aliyehamia London baadaye akaunda bunduki ya rashasha yenye jina lake, ile ambayo Lugard, afisa wa Kiingereza, aliitumia kule Mengo, Uganda, Januari 1892.) Maxim alishangaa kumkuta mtu mweusi akichora kwa ustadi ule, akamwajiri. Na hapo ndipo Latimer alipoanza kushika uzi wa glopu.

Aliyewahi kuona tanuri la mkaa kijijini hatasumbuka kuielewa hataza yake. Unapanga magogo, unafunika kwa majani na udongo hewa isiingie, moto unakula ndani kwa ndani. Ukiacha tundu unavuna majivu. Uzi wa glopu ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo: kipande chembamba cha karatasi ngumu au mti kinakatwa umbo lake, kinafungiwa mahali pasipo na hewa, kinatiwa tanurini. Tofauti ni kwamba gogo likipinda tanurini hakuna anayejali, ila uzi wa Maxim ulikuwa na umbo la herufi M, na ukipinda au kupata ufa, umekwenda. Vipande vilipinda kwa sababu kwenye joto vilitanuka na kusinyaa tofauti na vyombo vilivyovibana. Dawa ya Latimer ilikuwa kukiweka kila kipande ndani ya bahasha ya kadibodi, kitu cha asili moja nacho, ili joto likiingia vyote vitanuke na kusinyaa pamoja. Hiyo ndiyo hataza nambari 252,386, ya tarehe 17 Januari 1882. Miezi minne nyuma, yeye na mwenzake Joseph Nichols walikuwa wameshapata nyingine, ya namna ya kuunga uzi wa mkaa na nyaya zinazoingia kiooni.

Sasa tuzipime hoja. Wanaosema Latimer ndiye mvumbuzi huwa na simulizi inayoeleweka vizuri kupita kiasi: Edison alikuwa na uzi wa karatasi usiodumu hata siku chache, akaja Latimer na uzi wa kaboni, yaani mkaa, dunia ikapata mwanga. Tarehe zinaikataa. Uzi wa Edison wa 1879 ulikuwa kaboni tayari, na mwaka 1880, kabla Latimer hajapata hataza yoyote ya taa, Menlo Park walishahamia kwenye mianzi, ikawa inawaka hadi saa 1,200. Bahasha za kadibodi zilikuwa za kiwanda cha mpinzani. Wengine humwongezea hata kitako cha skrubu, ambacho kina hataza ya Edison ya 1881. Ukimpa mtu sifa ambazo mjuaji wa grupu atazibomoa kwa dakika mbili, umemwachia nafasi ya kubomoa na zile za kweli.

Lakini upande huu una hoja moja ambayo wapinzani wake huikwepa. Tunaposema "Edison alivumbua", ndani ya jina hilo tumeshawafungia Upton na hesabu zake, Charles Batchelor na vidole vyake vilivyoshika nyuzi dhaifu kama utando, Ludwig Boehm aliyepuliza vioo, na wengine chungu nzima. Jina la bosi linapewa upana huo bila swali. Likitajwa jina la Latimer, ghafla tunadai risiti ya kila senti. Kama kipimo ni "nani alifanya kwa mkono wake, peke yake, wa kwanza", basi Edison naye kitamsumbua; huko Uingereza Swan alikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1883 waliishia kuunganisha biashara, na kampuni ikajulikana kwa jina la Ediswan.

Upande wa pili nao una hoja yake nzuri: njia ya Latimer haikuendelea. Uzi wa M wa karatasi ngumu ulipotea sokoni, mianzi nayo ikapitwa, na karne ya 20 ikaja na uzi wa metali ya tungsteni. Ni kweli. Ila kwa kipimo hicho hata mianzi ya Edison ni njia iliyokufa, na hakuna anayemvua cheo kwa ajili hiyo. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street hakijafunguliwa, taa za Maxim zilikuwa zinawaka tayari katika jengo la Equitable jijini New York, na Latimer alikuwa miongoni mwa waliozifunga. Alitumwa pia Philadelphia, Montreal na London. Montreal mafundi walikuwa wanaongea Kifaransa, naye usiku akawa anaandika maagizo ya kesho yake kwa lugha hiyo. London alitakiwa kuanzisha kiwanda kizima cha taa, akakwaruzana na mabosi wa Kiingereza waliozoea wafanyakazi wanyenyekevu. Pearl Street, kwa bahati tu, ilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1882, siku aliyotimiza miaka 34.

Dai la wizi ndilo gumu kulisimamisha, kwa sababu ya alichokifanya Latimer mwenyewe. Mwaka 1884 alihamia kwa Edison. Miaka iliyofuata alifanya kazi upande wa sheria wa kampuni, akikusanya ushahidi, akichora vielelezo na kusimama mahakamani kama shahidi mtaalamu kuzitetea hataza za Edison. Kesi kubwa kuliko zote, iliyomalizika kwenye rufaa mwaka 1892 kwa ushindi wa Edison, mshtakiwa alikuwa United States Electric Lighting Company, mwajiri wake wa zamani. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kuueleza mfumo wa taa wa Edison kwa lugha ya mtu wa kawaida. Mwaka 1918 wakongwe wa Edison walipoanzisha umoja wao, alikuwa miongoni mwa waasisi, mweusi peke yake.

Mtu anaweza kuniuliza, je, Mmarekani mweusi mwenye familia, miaka ile ya 1890, alikuwa na nafasi gani ya kumpinga anayemlipa? Swali la haki. Shahidi anayelipwa na upande mmoja hatuwezi kumwita huru. Lakini kutoka hapo mpaka kusema aliibiwa kuna mto mpana, na hakuna daraja. Hataza ya Latimer ya bahasha za kadibodi ilichukuliwa kwa maandishi na kampuni ya Maxim, na ilichukuliwa kwa utaratibu uliowabana wafanyakazi wa rangi zote: unavumbua kazini, haki zinakwenda kwa kampuni.

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Tunasema fulani "aligundua" taa, kana kwamba ilikuwa imelala kichakani ikisubiri mpita njia. Wenye kusahihisha wanataka "alivumbua". Kwa glopu nadhani hakuna kitenzi kimoja kinachotosha. Swan aliiwasha, Edison aliipangia mji, Sprengel aliiondolea hewa bila kujua. Latimer aliuokoa uzi usipinde, akafunga taa kwenye majumba, akafundisha mafundi wa nchi tatu, akaandika kitabu. Mafundi wa umeme wa mitaani wataitambua kazi ya aina hii. Ni ile inayofanya kifaa kitoke kwenye meza ya maonyesho kiende nyumbani kwa watu. Mara chache huwekewa sanamu.

Ukienda dukani leo kununua taa, muuzaji anakuuliza, "Ya pini au ya skrubu?" Ya skrubu, tazama kasha lake: E27. E ni Edison, 27 ni kipenyo cha kitako kwa milimita. Jina lake limekaa hadi kwenye rafu ya duka la mtaani. La Latimer liko kwenye nyumba yake ya Flushing, New York, iliyohamishwa mwaka 1988 isije ikabomolewa, sasa ni makumbusho.

Februari ijayo ule ujumbe ukirudi, sitabishana. Nitatuma picha ya ukurasa wa kwanza wa hataza nambari 252,386. Jina la mvumbuzi ni moja, Lewis H. Latimer. Kisha inafuata koma, na baada ya koma maneno yanayosema haki zote amezikabidhi kwa kampuni.